Nimezamisha Kamera ya Baba, Sasa Niagize Ipi?

Temeke, 14 Agosti 1993

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naahidi kukueleza yote, hata yale ambayo nyumbani sijayasema.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Mjomba wangu Talha yuko kwenye mradi wa kuhesabu matumbawe, na tangu Juni ananifundisha kuzamia kwa mtungi wa hewa, nimeshashuka mara nne, na samaki niliowaona huko nikiwaeleza darasani wenzangu wanacheka kwamba natunga, ndipo nikaichukua kamera ya baba bila kumwambia. Baba ni mpiga picha za harusi. Niliitia katika mifuko mitatu ya kufungia barafu za ubuyu, nikakaza kwa mpira wa baiskeli, nikaijaribu ndani ya pipa la maji dakika kumi, ikatoka kavu, basi Jumapili nikashuka nayo mita tatu na ikatoka kavu tena, nikairudisha kabatini nikimshukuru Mungu.

Kumbe tatizo lilikuwa filamu. Nilijua mwanzo wake una harusi ya Munira wa Tabata na zimebaki picha kumi na mbili, nikapanga kumweleza baba kabla hajaipeleka kusafishwa, lakini kila nikifungua mdomo najikuta namwuliza kama nimwongeze chai. Picha zilipotoka, mama wa bibi harusi, Bi. Hamisa, alifungua bahasha palepale studio. Bibi harusi, keki, mashangazi, halafu ukungu wa kijani na uso wenye jicho moja kubwa, nywele zimesimama, mpira mdomoni.

"Mzee Jabiri, huyu nani? Sie huyu hatukumwalika!"

Baba akasema huenda ni mwangaza umeingia.

"Mwangaza gani una nywele?"

Alikuwa mjomba Talha chini ya maji, na miwani yake ya kuzamia na mpira wa kupumulia. Sasa Bi. Hamisa amezikataa picha zote, mtaani wanasema kamera ya baba ina jini, na wenye harusi wawili wameshahamia kwa mpiga picha wa Sinza.

Mpendwa mshauri, baba mdogo Badru anakwenda Dubai tarehe 27 na ameahidi kuniletea kamera yangu ya kuzamia. Je, nimwagize ile ndogo yenye ganda la plastiki, isiyo na flashi, au ile kubwa yenye kasha la chuma na flashi ya mkono mrefu? Utanijibu kabla hajaondoka?

Nusaiba

*

Nusaiba mwanangu, marahaba. Baba yako anapoteza wateja, nawe unaniuliza habari za flashi!

Haya, chagua ndogo. Mtu aliyeshuka mara nne bado anatimua mchanga kwa miguu, na flashi ikiumulika mchanga huo utapata picha ya mashine ya kusaga unga. Kwanza jifunze kutulia palepale bila kupigapiga miguu, kisha msogelee samaki mpaka abaki umbali wa mkono mmoja, ndipo ubonyeze. Baba mdogo alete na mipira ya akiba ya kuzibia ganda, maana unywele mmoja ukinasa pale, maji yanaingia. Kila ukitoka baharini, loweka kamera kwenye maji ya bomba. Pipa lako linafaa kwa hilo, si kwa majaribio. Kina cha bahari kinakamua, pipa halikamui. Safari hii umebahatika tu. Mifuko ya barafu mrudishie mwenye barafu.

Sasa lile usiloniuliza. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa baba yako, na usimwulize habari ya chai. Atafoka, mwache afoke, una haki ya kufokewa. Kisha mwende Tabata watatu, wewe, yeye na mjomba Talha, mchukue na zile picha. Mjomba avae miwani yake, aweke mpira mdomoni, Bi. Hamisa amlinganishe mwenyewe mbele ya majirani.

Ila avae akishakaribishwa ndani. Mlangoni aende na uso wake.