Siku ya Kambale

Butembo, Kimemi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu kubwa. Magoti yako yanaendeleaje tangu mvua ianze huko Lubumbashi? Mimi ni mzima, ila baridi ya Butembo haina huruma. Nalala na soksi kama mgonjwa. Jana hatukusikia risasi, namshukuru Mungu.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kompyuta inayonizuia kurudi, wakati wenye uwezo wanakimbia huku. Swali lako ni la haki, acha nikujibu vizuri.

Ofisi yetu ya wasafirishaji ina watu wake katika vijiji vya kando ya barabara ya Beni. Kila asubuhi wanatupigia simu, tunaingiza habari zao ndani ya programu, nayo inawatumia madereva neno moja: Toka, au Bakia. Programu hiyo iliandikwa na Kavira, mwenzangu wa meza moja. Mume wake, Kambale, alikuwa dereva wa lori la maharagwe la mji wa Kirumba. Aliuawa kwenye barabara hiyo hiyo, asubuhi ambayo programu ilimwambia atoke.

Tangu hapo, kila gari liliposhambuliwa, Kavira aliongeza sharti jipya ndani ya sharti la zamani. Kama ni siku ya soko la Musienene, na kama mvua imenyesha, na kama wanajeshi hawajapita, isipokuwa hivi, isipokuwa vile. Mama, ni kama mtu anayekuelekeza nyumbani kwake kwa kutaja kila shimo alilowahi kuangukia. Mwezi uliopita sharti moja lilibatilisha jingine, lori likaambiwa litoke wakati lilipaswa kubaki. Dereva aliokoka kwa sababu tairi lilipasuka kabla hajafika mbali. Tulitafuta kosa kutwa nzima, na Kavira mwenyewe akapotea ndani ya maandishi yake.

Ndipo shefu, mkuu wetu wa ofisi, akaniambia niupime ugumu wa programu. Kipimo chenyewe hakina uchawi: unahesabu kila mahali ambapo programu inafika njia panda na kulazimika kuchagua. Zikizidi kumi katika kipande kimoja, kichwa cha mtu kinashindwa kuzibeba. Kipande cha Kavira kilikuwa na zaidi ya sitini. Nikaanza kukata, kuunganisha yaliyofanana, kuvipa vipande majina ambayo hata dereva angeyaelewa. Nilikuwa nafurahia kama mtu anayefagia nyumba, mpaka nikafika kwenye mstari mmoja.

"Hapana kugusa ile," Kavira akasema. "Ile ni ya Kambale."

Asubuhi aliyouawa Kambale, kijiji kimoja cha katikati ya njia hakikupiga simu, na kimya chake kilihesabiwa kuwa amani. Baada ya mazishi, Kavira aliandika sharti la kijiji kile peke yake, kwa lori la Kirumba, kwa siku ile ya juma. Nilimweleza kwamba sasa kuna sharti moja fupi kwa wote: kijiji chochote kikinyamaza, hakuna anayetoka.

"Weye unajua programu," akasema, "mais lakini siku ile, ni miye naijua. Tia habari yake yote. Nione."

Niliziingiza habari za siku hiyo kama zilivyokuwa asubuhi ile. Programu ikajibu: Bakia.

Alilisoma neno hilo kwenye kioo cha kompyuta. Nililia mimi kwanza, nakuambia bila haya.

"Wasingya," akasema, ndiyo asante ya kwao, kisha akaufuta ule mstari kwa kidole chake mwenyewe. "Mais siku yake, hapana kuitupa."

Hatukuitupa. Tumeiweka iwe mtihani: kabla ya kutuma ujumbe wowote, programu inaulizwa kwanza habari za siku ya Kambale. Ikijibu Bakia imefaulu, ndipo tunaiuliza habari za leo; ikikosea, magari yote yanabaki.

Sasa maandishi yanasomeka, na atakayekalia kiti changu hatapotea. Shefu amekubali nije Krismasi, Mungu akipenda na barabara ikiruhusu. Nisalimie kaka yangu mkubwa, yaya Ilunga, na yule mama, tantine anayeuza unga karibu nawe sokoni, na jirani yetu anayekuchotea maji.

Naishia hapa, madereva wanangoja uwanjani na injini zinawaka. Kavira amekwisha kuiuliza programu siku ya mume wake. Imemjibu kama inavyomjibu kila asubuhi: Bakia.

Binti yako akupendaye,
Ngoie