Jino la Neema

Mjukuu wangu Agnesi,

Sauti ya kioo cha daktari kikigonga jino, ti, ti, ti, sijaisahau. Hapa sote wazima, na mwanao Neema anakula vizuri. Umeuliza kama jino lake la ziada ni mkosi.

Miaka ya hamsini mdogo wangu aliota jino kama hilo. Shangazi akamzuia kula wali wa mpunga mpya, eti ataharibu mavuno. "Wewe msomi, utatuulia ukoo!" alinifokea nilipombeba kutoka kijijini kwetu Katindiuka hadi hospitali.

Daktari alihesabu meno, akapiga picha ya eksirei. "Limeziba njia ya jino la ukubwani. Tutalitoa kwa ganzi wiki ijayo."

Jioni nikampakulia mdogo wangu wali uleule wa mpunga mpya mbele ya shangazi.

Sasa wakwe zako wanasema maneno yaleyale. Neema nimempeleka kwa daktari leo asubuhi, wala sikuwaomba ruhusa.