Gari Langu Haliharibiki, Nitamwonaje Fundi?

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla sijafika mbali naomba pia usicheke kwa sauti, maana nasikia hapo ofisini kwenu mnasomeana barua. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, sina mume, sina mtoto, nina kazi nzuri ya kupima macho kwenye duka la miwani, naishi na mama yangu mdogo, na nina gari, na gari hilo ndilo limeniletea balaa, si kwa sababu ni bovu, mshauri, bali kwa sababu ni zima, zima kupita kiasi, zima hadi nataka kulia.

Ni sedani ya ukubwa wa kati, rangi ya maziwa, ina miaka kumi na saba. Zamani lilikuwa gari la ofisi, mimi ninalo mwaka wa kumi na moja huu, naliita Bi Mkubwa, na katika miaka yote hiyo limeniaibisha mara moja tu, mwaka huu, saa tisa mchana, honi iliponasa. Nilimpigia honi jamaa aliyekuwa akivuka barabara huku anasoma simu, ikashika, haikuachia tena, nikaendesha mtaa mzima paaaaa, watu wanaruka pembeni wakidhani napeleka mgonjwa, hadi nikaona geti la gereji nikajitupa ndani. Akatoka mwanaume mmoja mrefu anajifuta mikono, wala hakukimbia, akafungua boneti, akachomoa waya mmoja, kukawa kimya, ndipo akanitazama akasema, "Haya, sasa tunaweza kusalimiana. Habari za mchana?"

Mshauri, nimeangalia macho ya watu kwa karibu miaka kumi na minne, makubwa, madogo, yenye makengeza, lakini siku ile nilishindwa hata kuitikia salamu. Nilisema "asante" badala ya "nzuri".

Wenzake wanamwita Fundi Kimya kwa sababu anaweza kushinda siku nzima kwa maneno kumi. Hana mke. Hilo nililipata kwa mpaka rangi wa palepale gerejini, ambaye huongea kwa niaba yao wote wawili na hakuna anachoficha, akaniambia pia kwamba Kimya anakaa nyumba ya nyuma ya gereji, anakunywa chai bila sukari, na akiona injini safi anatabasamu kama mtu aliyeona ndugu yake. Basi nikamwomba alikague gari lote, nikitumaini atapata ugonjwa. Akalikagua saa mbili nzima. Akaniambia, "Dada, sedani kama hii ikibadilishiwa mafuta ya injini kwa wakati, na ikakaa na mtu mwenye adabu, inafika kilometa laki nne. Hii ndiyo kwanza imevuka laki mbili. Mtazeeka pamoja." Kisha akanipa kadi ya sevisi na kusema tuonane baada ya kilometa elfu tano.

Elfu tano! Kutoka nyumbani hadi dukani ni kilometa sita. Nilipiga hesabu palepale kwenye kiti, nikaona nitamwona tena baada ya mwaka mmoja na nusu.

Nikaanza kutafuta kilometa, mshauri. Nilimpa lifti kila aliyekuwa na miguu. Wafanyakazi wenzangu nikawarudisha makwao wote, hata yule anayekaa nyuma ya duka letu, nilimzungusha kwanza mjini. Chumvi ikiisha nilikwenda kuinunua upande wa pili wa mji. Zile elfu tano nilizimaliza kwa wiki saba, nikaingia gerejini nimevaa gauni jipya, Kimya akaangalia kadi, akaangalia dashibodi, akaangalia kadi tena. "Dada, umeanza biashara ya teksi?" Nikamjibu nina ndugu wengi. Nina mama mdogo mmoja.

Hapo ndipo nilipofanya ninalokuja kuungama. Nilinunua spana namba kumi. Nikalegeza nati ya waya wa betri, gari likakataa kuwaka, Kimya akaja hadi nyumbani, akaikaza kwa dakika mbili, akanywa chai yetu, bila sukari, akaondoka, nikacheza dansi jikoni peke yangu. Wiki iliyofuata nilichomoa fyuzi ya waipa. Nikalegeza bamba la chini ya injini likawa linagonga kama sufuria. Nikaishika tena ile nati ya betri, halafu vitu vingine vidogo viwili. Breki sikugusa, naapa, mimi si mwendawazimu.

Naye kila akimaliza kukaza nati ana mtindo wake, anaidondoshea tone la rangi, nusu juu ya nati, nusu kwenye chuma cha pembeni. Nadhani ni dawa ya kutu. Kuna siku kikopo chake kilikuwa kimekauka akaniuliza kama nina rangi ya kucha kwenye mkoba, nikampa yangu, damu ya mzee, ileile ninayopaka kila wiki, basi injini ya Bi Mkubwa sasa ina madoa ya kucha zangu kila mahali, na ile chupa hajanirudishia, iko kwenye rafu yake karibu na plagi, nami nimenunua nyingine ya rangi hiyohiyo, sijui kwa nini nakueleza haya.

Jumatatu iliyopita nikavuka mpaka. Nililegeza klipu ya mpira wa maji wa rejeta, nikijua safari ni fupi, nampeleka mama mdogo kung'oa jino. Maji yakaisha njiani, mshale wa joto ukapanda kwenye nyekundu, moshi mweupe ukatoka, mama mdogo akaruka nje kashika viatu mkononi. Nikamwambia ukweli wote palepale barabarani kwa sababu ya woga. Akanisikiliza, shavu limevimba, akasema, "Mwanangu, huyo mwanaume utakuja kuonana naye kwenye msiba wangu."

Kimya akaja akalivuta gari hadi gereji. Akafungua boneti. Akaigusa ile klipu. Mpaka rangi akapaza sauti, "Kimya, sedani imekutoa jasho! Mara ya saba hii! Rudi ukasome!" Gereji nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Akanigeukia akasema polepole, "Dada, nimeshindwa kuvumilia. Bora uniuz... bora uliuze hili gari. Mnunuzi ninaye. Ni mtu mzima, mtulivu, anakaa jirani na hapa. Atalitunza. Na wewe ukitaka kuja kuliona uje, hata kila siku, huhitaji sababu." Nikamuuliza huyo mnunuzi anafanya kazi gani. "Ya mikono," akasema, na masikio yakamwiva.

Akalitengeneza nikarudi nalo nyumbani, na anataka jibu Jumamosi. Mshauri, silali. Bi Mkubwa nikimuuza nitakuwa nimemuuza mzima wa afya kwa uongo wangu mwenyewe, halafu huko gerejini nitakwenda na nini, baiskeli? Nikisema ukweli, yule mtu atanichukia, maana nimemharibia jina mbele ya wenzake, fundi mzuri vile anachekwa kwa sababu ya mikono yangu. Na huyo mnunuzi nisiyemjua, je, ni mtu wa kuaminika? Nifanyeje?

Ni mimi,
Mwenye Gari Zima

*

MSHAURI ANAJIBU

Dada Mwenye Gari Zima,

Nimecheka. Ulinikataza, nikajitahidi hadi pale kwenye chumvi, nikashindwa. Hapa ofisini wamekusoma watu sita na wote wanakusalimu.

Sasa simama nikugombeze. Ulimpakia mama yako mdogo, mtu mwenye jino linalomuuma, kwenye gari ulilolilegeza kwa mkono wako? Maji ya rejeta si mchezo. Injini ikichemka vibaya ingeweza kufa siku ileile, na hizo kilometa laki nne ulizoahidiwa ungezisikia kwa jirani. Ungeweza kuzimikiwa katikati ya malori. "Breki sikugusa," unaniambia, kana kwamba nikupe zawadi. Mama mdogo umwombe radhi leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili, na umpikie uji mpaka shavu lipungue.

Nimemaliza. Kaa.

Barua yako nilimsomea fundi wa magari ya ofisi yetu, mzee wa miaka thelathini kwenye kazi hiyo. Nilipofika kwenye tone la rangi alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Akasema nikueleze hivi: lile tone si dawa ya kutu. Fundi makini akishakaza nati anaidondoshea rangi nusu huku nusu kule ili ikikauka iwe mstari mmoja. Mtu akija akaizungusha nati hata kidogo, mstari unakatika, na fundi akifungua boneti anaona kwa jicho moja kwamba kuna mkono umepita hapo. Na wewe, dada yangu, mkono huo uliingia nao gerejini umepakwa rangi ileile ya mstari uliokatika! Wahenga waliposema mganga hajigangi walikuwa wanakuwazia wewe. Unawapimia watu macho tangu asubuhi, na hukuona.

Kwa hiyo alijua. Huenda si ile mara ya kwanza, lakini tangu ulipoishika tena nati ya betri alijua. Akaona mstari umekatika, akakaza, akaweka tone jipya, akakuuliza habari za nyumbani. Kila safari. Wenzake wanamcheka, mpaka rangi anampigia kelele arudi akasome, naye alikuwa na sentensi moja tu ya kujiokoa, "huyu anafungua mwenyewe," na mtu wa maneno kumi kwa siku angeweza kuimudu. Hakuisema. Ameibeba aibu yako mbele ya gereji nzima, wewe unaniuliza kama atakuchukia. Ulitaka barua ya mapenzi iandikwe kwa wino gani tena?

Ila Jumatatu aliona kitu kingine. Aliona mpira wa maji, akaelewa kwamba mchezo huu ukiendelea utakuunguza. Ndiyo maana alisema ameshindwa kuvumilia. Hakusema ameshindwa kutengeneza. Kuna fundi gani anayeshindwa na klipu? Alichoshindwa ni kukutazama ukijihatarisha.

Tuje kwa mnunuzi. Mtu mzima, mtulivu, anakaa jirani na gereji, anafanya kazi ya mikono, na akitajwa masikio ya Fundi Kimya yanaiva. Dada, kuna watu wangapi wa namna hiyo kwenye ua ule? Mnunuzi ni yeye. Hana shida na gari, anatafuta njia ya kukuambia "njoo hata kila siku, huhitaji sababu," na kwa kuwa maneno yake ni ya kupimwa, ameyapitishia kwenye sedani. Hata ulimi ulimponyoka akaanza kusema "uniuzie", wewe ukayaandika mwenyewe na bado hukusikia.

Haya, fanya hivi. Gari usiuze. Umri wa gari hautokani na bahati, unatokana na mwenye nalo kulipeleka kwa fundi kabla halijaharibika. Wewe umefanya hivyo kwa Bi Mkubwa miaka kumi na moja, lakini kwa mtu ulingoja honi inase. Binadamu naye usimwendee siku ya moshi tu. Mwendee akiwa mzima, nawe ukiwa mzima, bila kisingizio mkononi.

Jumamosi nenda kwa miguu. Gari libaki nyumbani limelala salama, kila nati mahali pake. Usivae lile gauni la sevisi, vaa nguo unayoweza kukaa nayo kwenye benchi lenye grisi. Msalimie, na safari hii uitikie vizuri. Kisha mpe ile spana namba kumi mkononi na umwambie kwa kinywa chako, "Mikono ilikuwa yangu, na nilikuwa nakutafuta wewe." Usiongeze hadithi ya ndugu wengi. Mficha uchi hazai, nawe una miaka thelathini na tisa. Halafu mwite mpaka rangi, umtangazie kwa sauti ileile anayoitumia yeye kwamba sedani haijawahi kumshinda Kimya hata siku moja. Jina ulilichafua hadharani, hadharani ulisafishe.

Unaweza kuniuliza, mshauri, na kama umekosea? Basi utakuwa umeona haya kwa dakika tano, utarudi nyumbani kwa miguu, ukute gari lenye nusu ya umri wake mbele, na utaniandikia barua ya matusi nami nitaichapisha bila kuikata. Lakini chupa ya rangi ya kucha haikai miezi kwenye rafu ya fundi kwa kusahauliwa. Fundi hujua kila kitu chake kilipo.

Na ukishasema yote, akabaki kimya kama kawaida yake, usikimbie. Iteremshe ile chupa kwenye rafu, uifungue, unyooshe mkono wa kushoto, umwambie kuna kitu kimoja hajakiwekea alama. Chanda chema huvikwa pete, lakini kwa kuanzia, tone la damu ya mzee linatosha.