Wasichana wa Bure

Jumatatu, 13 Septemba 1909
Sekondari! Mama kachelewa kiwandani makusudi ili anisuke nywele mwenyewe. Mimi na Ivy Sagar tumeongozana mpaka getini. Mtaa mmoja, shule ya msingi moja, na mtihani wa nafasi za serikali tumefaulu sisi wawili tu. Wengine wote hapa wanalipiwa na baba zao.
Bi Pargeter, mwalimu mkuu, katusimamisha mbele ya shule nzima. Hawa ndio wa nafasi za bure, akasema. Vichwa vyote vikageuka. Kisha akatupeleka benchi la nyuma, mlangoni, penye baridi.
Ivy akaninong'oneza: angalau tutakuwa wa kwanza kutoka. Nikacheka. Tukaadhibiwa wote wawili.

Alhamisi, 16 Septemba
Tumeshapewa jina. Wa Bure.
Kaanzisha Muriel Fairclough. Kiwanda cha nguo anakofuma Mama ni cha baba yake. Leo kaniuliza mbele ya wenzake, "Eti Zilda, kitu cha bure kina thamani gani?" Jina langu Zillah.
Ivy akadakia: "Kamuulize baba yako. Mama zetu wanamsafishia mitambo yake kila Jumamosi, bure!"
Muriel akaiva uso. Nilifurahi — nikaogopa pia.

Jumatano, 6 Oktoba
Mtaani nako si afadhali. Wasichana wa kiwandani wametukingia njia, wakapiga magoti kwa mzaha. "Shikamooni, mabibi wakubwa! Tuwabebee vitabu?" Mmoja kaninyang'anya kofia ya shule, kaikanyaga topeni na viatu vyake vya mbao. Huyo juzijuzi tu nilikuwa naruka naye kamba!
Mama kaifua kofia. Baba kasema: ngoja, shule itakufundisha kutudharau. Nikamwambia haiwezekani.

Jumanne, 19 Oktoba
Mvua ya kutisha. Mama kaniletea koti mpaka mlangoni pa darasa. Viatu vya mbao, shali kichwani, nyuzi za pamba kwenye nyusi. Na mdomo ule! Wafumaji wote huongea hivyo, wanaupanua mdomo kama wanakula maneno, maana kwenye mitambo sauti haisikiki.
Muriel akamwiga. Akapanua mdomo bila kutoa sauti. Darasa zima kicheko. Mama akadhani anasalimiwa — akatabasamu, akawapungia mkono.
Muriel akaniuliza, "Nani yule?"
Nikasema ni jirani.
Ivy kasikia. Tulipofika kwetu akasema tu: "Lakini koti umelivaa."

Jumatano, 10 Novemba
Glavu za Muriel zimepotea, zile zenye manyoya. Wakapekua kila mahali. Zikatoka kwenye mfuko wa viatu wa Ivy.
Si Ivy. Najua si Ivy! Mapumziko nilirudi kuchukua leso, nikamkuta Muriel peke yake tunapotundika makoti na mifuko ya viatu, mkono wake umo ndani ya mfuko ule mpaka kiwiko. Akaniona. Hata hakushtuka. "Zillah," akasema — mara ya kwanza kulitaja sawasawa — "kesho uje ukae na mimi, karibu na jiko la kuotea moto. Huko nyuma mtaugua."
Kesho nitasema. Lazima niseme.

Alhamisi, 11 Novemba
Tuliitwa ofisini wote watatu.
Bi Pargeter: serikali ilimlazimisha kutupokea, haikumlazimisha kutubakiza. Mwizi akiwa mmoja ataondoka mmoja. Wakiwa wawili, yaani mwizi na mtetezi wake, wataondoka wawili.
Ivy hakuogopa. Alikuwa karibu kutabasamu. "Muulize Zillah, mwalimu. Zillah alirudi kuchukua leso."
Aliniamini kabisa.
"Haya, uliona mtu?"
Nikasema sikuona mtu.
Ivy hakulia. Alinitazama tu, kama mtu aliyesahau alitaka kusema nini. Bi Pargeter akataka utepe wa shule ukatwe kwenye kofia ya Ivy palepale. "Zillah, niletee mkasi."
Nikauleta.

Jumatatu, 15 Novemba
Nakaa mbele sasa, na Muriel. Kweli kuna joto. Kanipa chokoleti. Kauliza kama nimeshawahi kuila, na wenzake wakanitazama ninavyotafuna.
Ivy kaanza kazi leo, kiwandani kwa kina Fairclough. Wamempa Mama amfundishe. Mama kasema mtoto ana mikono myepesi lakini anaunga nyuzi huku machozi yanamtoka. "Mbona huendi kumwona mwenzako?"
Nikasema nina kazi ya Kifaransa.

Jumamosi, 20 Novemba
Mama Ivy yuko chini, jikoni. Mbao za sakafu ni nyembamba, nasikia kila neno.
Hakuja kwa ugomvi. Bora angegombana! Kasema Ivy hali chakula. Kasema Ivy hana kinyongo: eti Zillah aliogopa walimu, nani asingeogopa, lakini akiulizwa nyumbani, mbele ya watu wake, atasema. "Wamekua pamoja hawa, Mama Zillah. Mwite tu aseme, nami nitakwenda kwa huyo mwalimu mkuu."
Mama kasema, "Wangu hajui kusema uongo. Ngoja nimwite."
Kaniita.
Nimejibu nakuja.
Muriel kanialika chai kesho, kwao! Gauni limetandazwa kitandani hapa. Mama kalipiga pasi alfajiri kabla ya kazi, kola kairudia mara mbili.
Kaita tena. Sasa Baba naye ananiita, kwa jina langu lote.
Viatu vya Mama, ngazini

nitasema naumwa kichwa