Fremu ya Twiga

2 Machi

Mwanangu Njiti,

U hali gani huko? Mimi mzima, nakula na kulala, majirani wanakusalimu. Kile kikohozi kimeisha, au bado unavuta vumbi la chuma karakanani?

Nina shida ndogo tu. Fremu ya baiskeli yangu imepata ufa pale bomba la kiti linapoungana na bomba la juu. Naomba unitengenezee nyingine hapo kazini kwenu, ya baiskeli ya mbio, nyepesi, ili wazee wenzangu wa Jumapili wasiniache. Vipimo hivi hapa: mguu kwa ndani, sentimita themanini na nane. Kiwiliwili, hamsini na saba. Mkono, sitini na mbili. Fuata hivyo hivyo, usiongeze kitu.

Najua ulichosema kwenye msiba wa mama yako, kwamba siku nitakaposhindwa kupanda baiskeli utafunga nyumba na kunichukua nikaishi nawe ghorofani. Siku hiyo haijafika.

Baba yako,
Twiga

14 Machi

Shikamoo Baba,

Kikohozi kimekwisha, nashukuru. Nimefurahi kusikia unakula na kulala, ila barua yako nimeirudia mara ya pili nikiwa nimesimama.

Baba, vipimo hivi ni vya nani? Mguu ni wako, nakubali. Lakini kiwiliwili chako ni sitini na tano na mkono sitini na saba. Navijua hata nikiamshwa usingizini, maana ulinifundisha kupima watu kwa kukupima wewe: miguu peku, mgongo ukutani, kitabu umekibana mapajani. Mtu mzima hapungui kama sabuni! Hapa kuna mtu wa miguu mirefu na mwili mfupi, na mimi namjua mmoja tu, yule mwanamke fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye mwili wote ni miguu. Mama hajamaliza hata miaka miwili kaburini. Niambie ukweli.

Mwanao,
Njiti

25 Machi

Njiti,

Marahaba. Bado ni mzima, ingawa barua yako nusura inipandishe presha. Tangu lini fundi anamhoji mteja? Nimekuomba fremu, sikukuomba upelelezi. Huyo fundi cherehani hajui hata breki ya nyuma iko mkono gani.

Namba ni zangu. Naweza kukudanganya kuhusu dawa nilizomeza, hilo unalijua, lakini namba sijawahi kukudanganya. Tengeneza.

Baba yako

20 Aprili

Shikamoo Baba,

Habari za hapo? Mimi salama, mikono tu imechubuka. Fremu imeondoka leo kwa lori la mizigo. Nimeitengeneza kwa vipimo vya baba yangu, vile ninavyovijua mimi. Kama anayepanda ni wewe, itakutosha. Kama ni mtu mwingine, atalala juu yake kama nguo kwenye kamba, na shauri yake.

Ukishaizoea, nipimie kutoka ncha ya kiti hadi usukani, uniandikie.

Mwanao,
Njiti

3 Juni

Njiti wangu,

Pole na kazi. Mimi sijambo. Fremu imefika, na rangi yake inapendeza mpaka wenzangu wananionea wivu. Imenikaa sawasawa. Asante sana.

Ncha ya kiti hadi usukani, arobaini na tisa.

Baba yako,
Twiga

12 Juni

Baba, shikamoo, na salamu ziishie hapo.

Arobaini na tisa! Kwenye fremu ile, ili upate arobaini na tisa lazima kiti kisukumwe mbele mpaka mwisho na usukani uvutwe nyuma mpaka ugome. Wewe ungegonga magoti kifuani. Basi anayepanda si wewe. Umempa yeye. Nimeunguza vidole vyangu kwa ajili ya mwanamke wa cherehani!

Ungeniambia tu, ningelia siku moja nikanyamaza. Lakini kunificha, ukanifanya mjinga kwa kazi uliyonifundisha mwenyewe, hapana. Usiniandikie mpaka uwe na la kweli.

Njiti

30 Agosti

Mwanangu,

Hukuandika "mwanao" chini ya barua. Limenikaa moyoni tangu Juni.

Hali yangu si nzuri, leo nikuambie. Mwaka jana nilianguka kwenye ngazi nikiziba paa. Pingili za mgongo zimebonyea, daktari amenionyesha kwenye picha, na kiwiko cha kulia hakinyooki tena. Aliyepungua kama sabuni ni mimi. Kwenye fremu yako napanda mimi, Njiti, kiti mbele, usukani nyuma, na nikifika darajani vidole vyote vimekufa ganzi, siwezi hata kubana breki. Jumapili iliyopita niliingia mtaroni. Wenzangu nimewaambia paka alikatiza.

Ningekuambia, ungekuja na sanduku la kupakia nguo zangu. Nyumba hii niliijenga na mama yako, na naogopa kuondoka humu kuliko ninavyoogopa mtaro. Nilidhani utatengeneza tu bila kuuliza. Nilisahau ni nani aliyekufundisha kuuliza.

Baba yako

9 Septemba

Shikamoo Baba yangu,

Pole. Pole sana. Nimelia karakanani mpaka bosi akadhani nimeungua. Uliniambia kweli tangu barua ya kwanza, nami nikakutumia fremu ya kukunasa. Usiipande tena, hata kwenda dukani, nakuomba.

Nyingine naianza kesho. Bomba la juu litakuwa fupi, mbele patainuka ili uketi wima, usukani ukufuate wewe badala ya wewe kuufuata. Mwisho wa mwezi nakuja nayo mwenyewe. Sanduku siji nalo, naja na begi la vifaa, na nitakupima upya kwa mkono wangu.

Ila kuna jambo halijaniingia akilini. Mgongo umebonyea, kiwiko hakinyooki. Mtu wa hivyo hawezi kujipima peke yake. Nani alishika futi ya kupimia?

Mwanao,
Njiti

17 Septemba

Mwanangu Njiti,

Marahaba. Leo nimeamka vizuri, na wewe uamke hivyo hivyo.

Futi ni ya yule fundi cherehani, na aliyeishika ni yeye mwenyewe. Kitabu nilikibana mimi, hilo naapa. Kwa mengine umenishika.

Anakushonea aproni ya kazi. Aliniuliza vipimo vyako, nikampa vile ninavyovikumbuka mimi. Kama umebadilika, andika mapema.

Baba yako,
Twiga mfupi