Jina la Kujaribia

Jumanne, 4 Machi 2025
Programu ya kikundi cha kuzikana inafanya kazi! Katibu wetu Benedikta ataingiza jina la marehemu mara moja, wanachama wote 112 wapate meseji. Hakuna tena kupanda vilima kupiga hodi. Kwa sasa amri naichapa mwenyewe kwenye skrini nyeusi. Ikiishia na neno "jaribio", meseji inabaki kwenye kompyuta. Bila neno hilo — inakwenda kweli. Nilihitaji jina lolote. Mzee Akonaay, jirani yetu, akapita dirishani akikohoa. Nikaandika lake, nikabonyeza, nikalala.

Jumatano, 5 Machi
Sikuandika "jaribio". Neno moja tu! Simu ya mama haikuwa na chaji, hatukujua lolote. Asubuhi kijiji kizima cha Maretadu kikamiminika kwa jirani — kuni, mahindi, maharage, turubai la kikundi. Benedikta analia kwa sauti. Aliyefungua mlango ni marehemu mwenyewe.
Nilijificha jikoni. Mama akanitoa, nikapiga magoti mbele ya watu wote. Shikamoo yangu mzee hakuiitikia. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Alhamisi, 6 Machi
Sijatoka nje. Maji kachota mama. Benedikta kasema kikundi kinarudi kwenye kupiga hodi. Haki yao.

Jumamosi, 8 Machi
Mzee Akonaay yuko kibarazani kwetu. Leo ameitikia shikamoo. Nilidhani kaja kudai kondoo wa faini kwa kumtangazia kifo. Nikaanza kuomba radhi upya, akanikatiza. Kuni za Jumatano bado anazo, akasema, amejua wanaompenda. Kisha akauliza kama kompyuta inakumbuka waliopata ile meseji. Nikajibu inakumbuka. Mpumbavu mimi!
"Hermani wangu hakuja," akasema. "Hata simu hakupiga. Na yuko Katesh tu hapo. Labda haikumfikia."
Hermani ndiye mwanawe pekee, naye ni mwanachama.
Nimeingia ndani, nimechapa amri ya kutafuta jina. Umetoka mstari mmoja: Hermani Akonaay, imepokelewa, Jumanne, saa 3:20 usiku.
Naandika hapa ili nisitoke. Afadhali aibu ya juzi, ile ilikuwa yangu.
Anakohoa. Ananiuliza kutoka mlangoni kama mtandao unasumbua. Anauliza tena, taratibu, kama mtandao unasumbua.