Shikamoo Baharini

Jumatano, kisiwa cha tatu

Koo bado linawasha kwa chumvi, na nimejitakia mwenyewe.

Asubuhi kwenye chai baba mkwe alinisema mbele ya wageni wote. "Kule nyumbani Magole unanisalimia vizuri. Huku visiwani umeshakuwa mzungu?" Wala sikumdharau, nilikuwa napambana na kamba za jaketi la kuogelea, sikumwona.

Haya. Nikasema leo nitamsalimia mpaka achoke.

Tuliposhushwa majini kuangalia samaki, kila mtu na mrija wake wa kupumulia mdomoni, nikamsogelea. Nikachomoa wangu. "Shikamoo, baba!" Kwetu mzee haachi shikamoo bila marahaba. Akatoa mrija ajibu, wimbi likamjaa mdomoni. Nikazungukia upande wa pili. "Shikamoo, baba!" Safari hii alikohoa sana, mume wangu akanitolea macho kutoka kwenye boti. Niliogopa kweli. Akizidiwa huku mbali, hospitali iko wapi?

Nikaacha. Nikaenda zangu kumtazama kasa. Kuinua kichwa, mzee yuko mbele yangu, mrija mkononi, anatabasamu.

"Hujambo, mkwe wangu?"

Ningefanyaje? Nikatoa mrija nijibu.

Kumbe alikuwa analisubiri wimbi.